Ukimaliza Utakuwa Nani?

Kiswahili hakina huruma na mtu anayesoma mambo mengi. Muulize yeyote chuoni anasomea nini, naye atakujibu kwa neno linaloanza na U: udaktari, uhandisi, uuguzi, urubani. Ndani ya kila neno la aina hiyo kuna mtu amejificha. Toa ile U kwenye udaktari, anatoka daktari. Toa kwenye urubani, anatoka rubani. Hata kitenzi chenyewe, kusomea, kinakudai mwisho wa safari. Husomi tu hivi hivi. Unasomea kitu, na hicho kitu kina jina, ofisi na mshahara.

Mimi nilisomea sayansi ya mazingira. Hapo toa herufi yoyote unayotaka, hatoki mtu. Kuna neno mwanamazingira, sawa, lakini ukilitamka watu wanaona jamaa aliyevaa fulana ya kijani, ameshika mche, anasubiri mheshimiwa aje wapigwe picha. Mjomba wangu, ambaye ni fundi wa magari na anaheshimu kazi yenye jina, alikuwa akiniuliza kila Krismasi: "Kwani wewe ukimaliza utakuwa nani?" Nilimwambia nitafanya mambo ya maji, mambo ya udongo, mambo ya sera. "Mambo ya," akasema. "Sijawahi kuona tangazo la kazi linatafuta mtu wa 'mambo ya'."

Sikumaliza. Karo iliisha mwaka wa tatu, na kati ya kukopa zaidi na kutoka, nilitoka. Siku hizi naandika kwa malipo ya makala kwa makala, na maisha yanasonga. Lakini swali la mjomba limebaki nami, maana naona lina swali jingine chini yake, na hilo la chini ni la maadili kuliko la ajira. Je, ni haki kumfundisha mtu kidogo cha kila kitu? Na yule aliyefundishwa hivyo anawadai watu nini, na watu wanamdai nini?

Wacha nieleze kozi yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu wengi huisikia kwa jina tu. Jumatatu asubuhi tulikuwa kemia, pamoja na watu wa kemia. Mchana tulikuwa ekolojia. Jumanne takwimu, halafu sheria ya mazingira, ile ya mwaka 1999 inayotaka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kabla haujaanza. Jumatano jiolojia ya udongo. Alhamisi uchumi wa maliasili na kuchora ramani kwa kompyuta. Kwa mtu mwenye udadisi hii ni sherehe. Wiki moja tu, nawe umeona mwamba ukigeuka udongo, udongo ukilisha mmea, mmea ukipewa bei sokoni, na bei ikiandikwa kwenye sheria.

Shida ni kwamba kila idara ilitupokea kama wageni waliokosea mlango. Mhadhiri wa kemia alitufundisha kama wanakemia walioshindwa. Wa uchumi alituruhusu kuruka hesabu ngumu, kisha akatukumbusha kila wiki kwamba tumeziruka. Makomredi wa kozi nyingine walituita watu wa miti. Na katika ratiba nzima hapakuwa na saa hata moja ambapo mtu wa kemia na mtu wa sheria walikaa meza moja mbele yetu wakabishana. Tulipewa nyanya, vitunguu, mafuta na chumvi, kila kimoja kwenye sahani yake, na mwisho wa muhula tukapimwa kama tunaweza kutaja nyanya ni nini. Kupika tuliachiwa wenyewe.

Kwa hivyo lile shutuma la kwamba elimu ya namna hii ni ya juu juu, silipuuzi. Lina nguvu, na anayelikanusha haraka hajalisikiliza. Wahenga walishasema njia mbili zilimshinda fisi, na sisi tulipewa njia nane. Ukilazwa hospitalini leo ufanyiwe upasuaji, hutaki mtu aliyesoma yuniti moja ya upasuaji, moja ya saikolojia na moja ya usimamizi wa hospitali. Unataka yule aliyekata na kushona mpaka vidole vyake vinajua njia gizani. Kina kinalinda uhai. Tena kina kina mwenyewe: daktari akiharibu kuna baraza la kumwita, mhandisi akijenga ghorofa likaanguka kuna leseni ya kunyang'anywa. Mwenye kujua kidogo cha kila kitu anaitwa na nani akikosea? Hana baraza. Anaweza kusema jambo lolote, kisha akahamia fani nyingine kama mpangaji anayehama usiku.

Ninaishi na hatari hiyo kila siku kwa sababu ya kazi yangu. Mteja mmoja anataka makala kuhusu vyakula vya mgonjwa wa kisukari asubuhi, mwingine anataka mwongozo wa kununua shamba jioni, na wote wanataka iandikwe kwa sauti ya mtu anayejua. Mtandao umejaa sauti hiyo. Fungua simu yako sasa hivi, utamkuta jamaa aliyekuwa mtaalamu wa chanjo mwaka juzi, wa vita mwaka jana, wa ushuru wiki hii. Hakuna anachodaiwa. Kama huo ndio upana, basi mjomba wangu ana haki, na vyuo vifunge kozi hizo kesho.

Lakini kuna kisa kinachonizuia kumaliza mjadala hapo, na ni kisa cha hapa kwetu.

Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi kilianza kazi karibu na mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Ninamaanisha ile risasi ya metali, ingawa si ajabu Kiswahili kimeipa jina moja na ile ya bunduki. Phyllis Omido aliajiriwa pale kwa kazi ya ofisi. Mtoto wake mchanga akaanza kuugua. Hospitalini wakapima vitu ambavyo hospitali zetu hupima mtoto akiwa na joto: malaria, homa ya matumbo. Hayakuwa hayo. Hatimaye damu ya mtoto ikapimwa risasi, na risasi ikapatikana. Mama alikuwa akiibeba kutoka kazini, mtoto anaipata kwenye maziwa. Na mtaani watoto wengine walikuwa wanaugua, mama wengine mimba zinaharibika.

Tazama ni watu wangapi walikuwa wanajua kipande. Mtaalamu wa metali alijua betri ikiyeyushwa inatoa moshi wa risasi. Daktari alijua dalili za mtoto mgonjwa. Mwanasheria alijua tathmini ya athari inatakiwa kabla kiwanda hakijafunguliwa. Mtu wa mipango ya miji alijua nyumba za watu zimepakana na ukuta wa kiwanda. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Maarifa yote yalikuwepo nchini. Kilichokosekana ni mtu wa kuyatoa kwenye vyumba vyake na kuyaketisha pamoja. Aliyefanya hivyo hakuwa mkemia, daktari wala wakili. Alikuwa mama aliyekuwa na swali zima, akalibeba kutoka maabara hadi wizarani hadi barabarani hadi mahakamani. Mwaka 2014 kiwanda kilifungwa. Mwaka 2015 Omido akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Hapa ndipo hoja ya kina peke yake inapoanza kuyumba. Sumu haikusoma ratiba ya chuo. Haikujua kwamba mpaka wa kemia unaishia kwenye bomba la moshi na mpaka wa udaktari unaanzia kwenye ngozi ya mtoto. Kila mtaalamu angeweza kuapa kwamba ametimiza wajibu wake ndani ya chumba chake, na angekuwa anasema kweli, na bado watoto wangeendelea kuugua. Ule usalama tuliousifu, wa kila mtu kuwa na baraza lake, una pengo katikati: hakuna baraza la lile swali lote kwa pamoja.

Lakini usinielewe vibaya nikageuka mhubiri wa upana. Upendo wa mama haupimi risasi kwenye damu. Kuna mtu mahali fulani aliyekaa miaka na mashine, akijifunza kutofautisha risasi kidogo na risasi ya uchafu wa chupa, na bila yeye kesi yote ingebaki uvumi. Upana bila kina nyuma yake ni kelele tu.

Wangari Maathai huwa anatajwa na watu wa pande zote mbili, kila mmoja akimvutia kwake. Shahada yake ya kwanza ilikuwa ya biolojia, Marekani, mwaka 1964. Mwaka 1971 akapata uzamifu Chuo Kikuu cha Nairobi, katika mambo ya anatomia ya mifugo. Kina zaidi ya hicho ni kipi? Mtu anayechunguza wanyama kwa hadubini. Kisha, kwa maelezo yake mwenyewe, akatoka kwenda mashambani kukusanya kupe, kwa utafiti wa ule ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, ndigana. Huko akaona mito imegeuka rangi ya udongo na ng'ombe wamekonda kwa kukosa malisho. Akatambua kwamba kilichokuwa kinawamaliza ng'ombe wale kilikuwa kikubwa kuliko kupe. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ya amani, si ya biolojia. Wanaopenda kina husema: mnaona, alianza na hadubini. Wanaopenda upana husema: mnaona, aliinua macho kutoka kwenye hadubini. Wote wako sawa, na ndiyo maana mfano wake hautusaidii kuchagua upande. Unatusaidia kuona kwamba tendo lenye thamani lilikuwa lile la kuinua macho, na kwamba tendo hilo halifundishwi na yuniti yoyote ninayoijua.

Nasema halifundishwi, lakini kuna siku moja lilikaribia kufundishwa. Mwaka wa pili mhadhiri wetu mmoja, mzee mpole aliyekaribia kustaafu, alitupeleka kwenye mto unaopita nyuma ya mji kupima oksijeni majini. Ukitaka kuipima kwa njia ya zamani, unajaza chupa bila kuacha kiputo hata kimoja, unaongeza dawa za kuishika oksijeni, kisha baadaye unadondosha kemikali nyingine tone kwa tone kwenye sampuli iliyotiwa wanga. Rangi ya buluu inafifia, inafifia, halafu tone moja tu linaifuta. Idadi ya matone ndiyo jibu. Sampuli nyingine unaiweka kabatini siku 5, kwenye joto la nyuzi 20, uone vijidudu vimekula oksijeni kiasi gani. Ni kazi tamu sana. Kwa mara ya kwanza nilihisi najua kitu kwa mikono yangu.

Kando ya mto kulikuwa na mzee analima nduma. Majani makubwa, mazuri, miguu yake ndani ya yale maji meusi. Alitutazama na chupa zetu kwa muda, kisha akauliza: "Watoto wangu, hizi nduma nile ama nisile?"

Tukanyamaza. Halafu kila mtu akajibu kutoka kwenye yuniti yake. Mmoja akasema oksijeni iko chini mno. Mwingine akasema kisheria hairuhusiwi kulima ukingoni mwa mto. Mwingine akasema angehama kama angepewa shamba kwingine, na hapo mzee akacheka, maana hata kile kipande hakuwa na hati nacho. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa jibu. Yeye aliuliza kuhusu tumbo lake na wateja wake. Sisi tulikuwa tunapima hewa ya samaki ambao hawakuwepo tena.

Nilimwambia hivi: "Mzee, hiki tunachopima hakiwezi kukujibu. Kinaonyesha maji yana uchafu wa aina gani kwa jumla. Unachouliza ni kama kuna metali nzito kama risasi kwenye nduma, na hiyo inapimwa na maabara nyingine, kwa mashine nyingine, wakichukua nduma zenyewe na udongo wake, si maji peke yake. Na choo zinazomwagika hapo juu ni swali la tatu, linahusu vijidudu, na hilo kupika vizuri kunasaidia. Metali haipotei kwa kupika."

Akatikisa kichwa. "Kwa hivyo mmesoma mpaka mkajua hamjui."

Makomredi wakacheka, nami nikacheka. Lakini nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi, na sasa nadhani ilikuwa sifa zaidi ya alivyokusudia. Kuna ujinga mtupu, wa mtu asiyejua hata pa kuanzia. Kuna ujinga wenye ramani, wa mtu anayeweza kusema: mimi sijui, lakini naweza kuligawa swali lako katika sehemu tatu, nikuonyeshe kila sehemu mlango wake, na nikuambie ni jibu lipi usikubali kudanganywa nalo. Huo wa pili haupatikani bure. Mtu wa kemia pekee angeweza kumpa mzee namba ya oksijeni akadhani amemjibu. Ilibidi uwe umekaa kidogo kwenye vyumba vingi ndipo ujue chumba ulichomo si chenye jibu.

Kwa hivyo jibu langu kwa swali la haki ni hili. Kumfundisha mtu kidogo cha kila kitu ni haki iwapo tu unamfundisha pia kuunganisha, na unamfundisha aibu. Aibu ninayosema ni ile inayomzuia mtu kusema "ni salama" wakati alichopima ni kitu kingine. Mwenye kina analindwa na baraza lake. Mwenye upana hana baraza, kwa hivyo lazima abebe baraza lake kifuani, na chuo kinachompa upana bila kumjengea hilo kinazalisha watu wa hatari. Ripoti yetu ya mtoni ilipewa alama kwa usafi wa jedwali na usahihi wa matone. Swali la mzee halikuwa na mahali pa kuandikwa. Hapakuwa na alama zake. Kama kuna deni chuo kile kinadaiwa, naona ni hilo, kuliko hata karo yangu. Kilitupeleka hadi kwenye swali la kweli la binadamu, kisha kikatupima kwa jambo jingine.

Na deni hilo halimhusu mzee peke yake. Nduma za ukingoni zinauzwa mjini. Pengine umezila asubuhi ya leo na chai.

Binamu yangu amepata nafasi mwaka huu, kozi inayofanana na yangu, jina refu lenye "jumuishi" ndani yake. Aliniuliza aende ama aombe kubadilisha achukue uuguzi, ambao angalau mjomba atauelewa. Sikumwambia afuate moyo wake. Moyo haulipi karo, na uuguzi ni kazi ya heshima inayolisha watu. Nilimwambia akienda, achague jambo moja katika yale manane alijue mpaka vidole vyake vijue njia, liwe takwimu, liwe maji, liwe ramani, lolote, ili siku akikaa na wataalamu awe na cha kuweka mezani. Nikamwambia kila muhula atafute swali moja la mtu asiye chuoni, la mama mboga au la mwenye nyumba jirani na dampo, alibebe kutoka idara hadi idara, awasumbue wahadhiri nalo ofisini kwao, hata kama halina alama. Na nikamwambia mwishoni mwa muhula arudi kwa huyo mtu amwambie alichopata, hata kama ni kipande tu cha jibu.

Akaniuliza, "Sasa hiyo inaitwaje, ile kazi?"

Haina jina bado. Fundi wa magari aliitwa fundi baada ya magari kuja na kuharibika, na watu wakahitaji mtu wa kumwendea. Mito ishaharibika, na watu wenye maswali mazima wako ukingoni wanauliza. Jina litakuja watakapoanza kupata mtu anayerudi na jibu.